Usianze na ofensi, anza na watu: venye napanga mashambulizi ya timu ya basketi ya chuo

Kila mwezi wa tisa vyuo vikifunguliwa napigiwa simu na makocha wenzangu wa hapa Kisumu, wa Kakamega, wengine mpaka Njoro huko Nakuru, na swali ni lile lile, kocha umepata ofensi gani mpya ya kufunza vijana mwaka huu? Na mimi jibu langu ni lile lile, niambie kwanza uko na nani. Nani anadribo bila kuangalia mpira, nani anashika pasi akiwa amebanwa, nani anafunga akiwa amechoka. Ukikosa kunijibu hayo hakuna ofensi naweza kukupa, juu ofensi ni kama kiatu cha mtumba pale Kibuye, hata kikiwa kizuri namna gani kama si saizi yako kitakuchubua.

Hii nimejifunza kwa uchungu. Msimu mmoja niliona kwa simu timu ya chuo cha Marekani ikicheza vizuri ajabu, skrini baada ya skrini (mtu anasimama njiani kumzuia mlinzi wa mwenzake), mpira unazunguka upande huu na ule, mwishowe kijana anabaki peke yake kona anapiga tatu, ile shuti ya mbali ya pointi tatu. Nikaipenda, nikaichora kwa daftari, nikaifunza wiki sita nzima. Vijana wakaijua kabisa wakicheza bila wapinzani. Mechi ya kwanza tunafika skrini ya tatu tu na meza inapuliza, sekunde 24 zimeisha, tena na tena, na zile mara chache tulifika mwisho yule wa kona akawa ni mtu ambaye hata mazoezini tatu haziingii. Kuna vitu viwili sikuvifikiria. Vyuo vya Marekani vinachezea sekunde 30 kwa kila shambulizi, sisi tunafuata sheria za FIBA, shirikisho la basketi duniani, ambayo ni 24, na ukitoa sita saba za kuvusha mpira umebaki na kumi na saba hivi za kufanya kazi. Halafu ile ofensi ilishonewa watu wanaopiga mbali na mimi sikuwa nao.

Kwa hivyo siku hizi wiki mbili za kwanza sifunzi ofensi yoyote, nahesabu tu.

Venye nahesabu ni hivi. Kila mchezaji anapiga mipira kumi kutoka sehemu tano nyuma ya mstari wa tatu, kona mbili, pembeni mbili na juu katikati. Siku nyingine anapiga kumi kumi kutoka mita nne, siku nyingine leyapu, zile shuti za kukimbilia ringi, za mkono wa kulia na wa kushoto, siku nyingine fri throo, zile shuti za bure za faulo. Lakini simhesabii akiwa amepumzika, na hapa ndipo makocha wengi wanajidanganya. Anakimbia kwanza kutoka mstari hadi mstari mara mbili, akifika ndio anapewa mpira, na mwenzake anamkimbilia mkono juu. Kijana anayefunga saba kwa kumi akiwa ametulia unaweza kuta hapo amefunga mbili, na hizo mbili ndizo utapata kwa mechi.

Baadaye nakaa na daftari nyumbani na hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Anayefunga moja kwa kila tatu nyuma ya mstari anakuletea pointi moja kwa kila shuti. Anayefunga nusu ya shuti zake za pointi mbili pia anakuletea pointi moja, kwa hivyo hao wako sawa. Lakini yule anayefunga robo tu huko mbali anakuletea pointi 0.75, na ukimwacha apige kumi kwa mechi umeacha pointi mbili na nusu njiani. Shuti inayonisumbua roho zaidi ni ile ya hatua moja ndani ya mstari, ni mbali karibu sawa na ya tatu lakini inalipa mbili, na vijana wetu wanaipenda sana juu huwa iko wazi. Iko wazi kwa sababu wapinzani wanataka uipige! Na sasa angalia fri throo, mtu anayefunga sita kwa kumi akipewa mbili anakuletea pointi 1.2, kuliko hao wote. Kwa hivyo kijana anayejua kuingia ndani na kutafuta faulo ni mali hata kama hapigi mbali, na ukiwa na wawili watatu wa aina hiyo basi wanafaa waanze kuingia dakika ya kwanza ya kwota, juu kuanzia faulo ya tano ya timu kwa kwota kila faulo ya difensi ni fri throo mbili hata kama mtu hakuwa anapiga. Wapinzani wakimaliza zile nne mapema, dakika zinazobaki za hiyo kwota ni zako.

Kuna swali lingine nauliza kila mtu na sijasikia makocha wengi wakiuliza: kabla ya basketi ulikuwa unacheza nini? Huku kwetu wengi wameshika mpira wa kikapu wakiwa kidato cha kwanza au cha pili, wengine ni hapa chuoni tu wameanza juu ya urefu. Kabla ya hapo walikuwa na mchezo mwingine, na mwili haujasahau. Aliyecheza handboli anakimbia na kurusha pasi ndefu kwa mkono mmoja kama mshale, huyo ni wa fasti breki, kushambulia mbio kabla difensi haijajipanga, ila utapambana na hatua zake juu amezoea kuruhusiwa tatu. Wa voliboli anajua kupima mpira ukiwa hewani, mpeleke kwa rebaundi, kudaka shuti iliyokosa, usimpe shida ya kudribo. Golkipa wa kandanda ana mikono na anaona uwanja wote, nitamrudia huyo.

Lakini hazina kubwa ni netiboli, na inaniuma venye inatupwa. Timu yetu ya wasichana mwaka fulani zaidi ya nusu walitoka netiboli, na kocha aliyekuwa kabla yangu alikuwa anawalazimisha ofensi ya kudribo na kuingia, mpira unaporwa, wanakemewa, wanakata tamaa. Sasa fikiria mchezo waliokulia. Netiboli hakuna kudribo, mpira haukai mkononi zaidi ya sekunde tatu, na ukishuka lazima ujue mguu gani umekanyaga kwanza. Msichana wa hivyo ana miguu safi, hapigiwi filimbi ya kutembea ovyo, anatoa pasi kabla difensi haijageuka, na anajua kumtoroka mlinzi akiwa hana mpira, kitu ambacho wavulana wengi waliokulia basketi hawajawahi kufunzwa. Tena ringi ya netiboli iko mita 3.05 juu, sawa kabisa na yetu, na ni ndogo zaidi, kipenyo milimita 380 na yetu ni 450, na haina bodi ya kugongesha. Kwa hivyo aliyekuwa mfungaji huko amezoea tundu dogo kwa urefu ule ule! Shida yake ni mbili tu. Mpira wetu wa wasichana, saizi 6, ni mzito kuliko wake, kwa hivyo nguvu lazima itoke magotini. Na kule mlinzi lazima akae sentimita 90 mbali, huku mkono uko usoni. Hiyo unaifunza kwa feki moja, inua mpira, mlinzi aruke, ndio upige, basi. Mwezi mmoja inaingia.

Hao niliwaondolea dribo kabisa. Mazoezi watano kwa watano, anayedribo timu yake inapoteza mpira. Pasi, kata kuelekea ringi, mwenzako anajaza nafasi uliyoacha, pasi, kata. Walifurahi kama watu waliorudishwa nyumbani.

Na hii ya pasi na kukata si ya wanyonge kama watu wanavyodhani. Princeton walikuwa na kocha Pete Carril, chuo cha Marekani ambacho hakitoi ufadhili wa michezo, wachezaji hawana mbio wala hawarukii mawinguni, na mwaka wa 1996 wakawatoa UCLA waliokuwa mabingwa watetezi, 43 kwa 41. Kikapu cha mwisho senta, yaani mrefu wa timu, Steve Goodrich alikuwa amesimama juu mbali na ringi, Gabe Lewullis akakata nyuma ya mlinzi wake, pasi ikamkuta, leyapu. Senta ndiye alitoa pasi. Lakini kumbuka wakati ule walikuwa na sekunde 35 na walikuwa wanazimaliza zote. Ukiichukua nzima nzima uje nayo kwa sekunde 24 utaumia, chukua kile kipande cha mwisho peke yake, mpira kwa mrefu pale juu na watu wanakata.

Hicho kipande ndicho kilituokoa upande wa wavulana. Tulikuwa na kijana mmoja kutoka Ugenya, mrefu kuliko kila mtu chuoni, na kila mtu mpaka walimu walikuwa wanapiga kelele awekwe chini ya ringi. Tukamweka. Anapewa mpira mgongo ukiwa kwa ringi, anaushusha kifuani, kisha kiunoni, gadi mfupi anatoka upande anaunyakua. Mechi baada ya mechi. Siku moja baada ya mazoezi akaniambia polepole, "Kocha, nikiwa huko chini sioni mtu. Watu wote wako nyuma yangu." Nikamuuliza zamani ulicheza nini, akasema golkipa, mpaka kidato cha tatu. Kesho yake nikamtoa chini nikamweka kwa kona ya mstari wa fri throo, uso kwa ringi, nikamwambia shika mpira juu ya kichwa usiushushe kabisa, hakuna mtu hapa anafika huko, halafu angalia tu.

Acha nieleze venye inaenda, juu ukiiona mara moja hutaisahau. Pointi gadi, yule anayevusha mpira, anampa mrefu mpira pale juu. Mlinzi wa yule kijana wa pembeni, kwa tabia tu, anageuza kichwa kuangalia mpira. Ni nusu sekunde. Kijana wa pembeni tayari amepiga hatua moja kwenda nje kama anayefuata pasi, mkono umenyooshwa anaomba, mlinzi anarudi mbio kumzuia, na hapo anakanyaga kwa nguvu mguu wa nje na kukata nyuma ya mgongo wa mlinzi. Mrefu anadundisha pasi moja kwa sakafu, inafika mkononi mita mbili kutoka ringi. Mlinzi akijifunza kubaki nyuma, sawa, kijana hatakata, atapokea pale pale nje akiwa wazi. Kitu muhimu ni ule mguu wa nje. Nilikaa kwa hiyo hatua moja tu siku nne, bila mpira, watu wawili wawili, na makocha wenzangu wakipita wakidhani tunapoteza muda.

Mechi ya kwanza ya hiyo ilikuwa Kakamega, wingu limeshuka, simiti ina unyevu, hakuna mtu angeweza kukimbia wala kupiga mbali. Tulifunga karibu zote ndani.

Sasa ukiwa na watu wa aina nyingine mambo yanabadilika. Uko na gadi mmoja hatari ambaye hakuna mtu anaweza kumzuia peke yake? Huyo mpe njia. Kuna ofensi ya kudribo na kuingia ambayo Vance Walberg aliianzisha akifunza California, ikafika kwa kocha John Calipari pale chuo cha Memphis, na mwaka wa 2008 wakiwa na gadi Derrick Rose walifika fainali ya vyuo vya Marekani. Siri yake ni kwamba senta hakai upande mpira ulipo, anakaa upande wa pili ili njia ibaki tupu, na wengine watatu wako nje mbali. Ila inataka angalau wawili wanaopiga tatu kwa ukweli, juu bila hao difensi yote itajazana ndani na gadi wako atagonga ukuta. Rudi kwa daftari lako. Kama hakuna, mwekee skrini moja tu juu katikati, mwenye skrini akimbie kwa ringi, na wale wasiopiga mbali wasimame karibu na mstari wa mwisho kule nyuma ya bodi, mahali wakipewa mpira wako hatua moja kutoka ringi. Mlinzi wao akienda kusaidia, ni leyapu.

Na kama huna mpigaji, huna gadi, huna mrefu, lakini uko na kumi wanaokimbia? Basi kimbieni. Rebaundi ikishikwa, pasi ya kwanza isidunde, wawili wako mbio pembeni tayari, difensi ikiwa bado haijajipanga hata asiye na shuti anafunga. Na shuti ikikosa watatu waende rebaundi, juu ukishika rebaundi ya ofensi FIBA inakupa sekunde 14 mpya, zinatosha. Timu kama hiyo isipoteze muda kujifunza skrini tano.

Kuhusu zoni, ile difensi ambapo kila mtu analinda eneo badala ya mtu, sitasema mengi. Timu nyingi za vyuo huku zinakaa zoni ya mbili-tatu, wawili mbele watatu nyuma, juu wanajua hatupigi mbali. Yule yule mrefu wa pale juu katikati ndiye dawa, mpira ukifika kwake zoni lazima ichague, na ukichelewa hapo ni wewe tu.

Uwanja nao ni mchezaji, umhesabu. Hapa Kisumu mechi za saa tisa saa kumi upepo wa ziwa unavuma ndani ya viwanja vya wazi, na shuti ya kona inayoingia asubuhi jioni inapeperuka. Ndio nasema hesabu yako ifanywe saa ile ile ya mechi na kwa ringi zile zile, hata kama moja imeinama. Nikijua mechi ni jioni na uwanja ni wa wazi napunguza shuti za mbali, naongeza kukata na kuingia, na zile tatu chache namwachia mtu mmoja anayepiga mpira wa chini wenye nguvu, si wa mzunguko mrefu. Tukipanda Nakuru ni hadithi nyingine, Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari na Nakuru inapita 1,800, timu ya kukimbia kutoka ziwani inafika kwota ya tatu ulimi nje. Huko nabadilisha watu kila dakika tatu nne na fasti breki naitoa tu baada ya kunyang'anya mpira, si kila rebaundi.

Kufunza kwenyewe usijaze vichwa. Mimi huwa na vitu vitatu tu msimu mzima na tumevipa majina ya stegi: Kondele ni mpira kwa mrefu juu na kukata, Mamboleo ni skrini ya gadi, Nyalenda ni kukimbia. Gadi akiita "Kondele!" kila mtu anajua pa kusimama, hata yule aliyejiunga juzi. Naanza wawili kwa wawili, halafu watatu kwa watatu, na watano kwa watano inakuja mwisho kabisa. Wakianza kukosea narudi wawili kwa wawili bila aibu.

Baada ya hapo endelea kuhesabu. Kuna mwanafunzi wetu aliyeumia goti, anapenda timu kufa, tulimpa karatasi yenye safu nne: mpira uliopotea, shuti za ndani, shuti za tatu, na fri throo, zilizoingia na zilizokosa. Kila baada ya mechi nne tunakaa naye chini ya mwembe tunaangalia. Ndio tulijua Mamboleo ilikuwa inatupotezea mpira kuliko nilivyodhani, si kwa sababu ya gadi, ni yule anayeweka skrini alikuwa anakimbia kwa ringi kabla gadi hajapita. Sekunde moja mapema, kila mara. Bila karatasi ningemlaumu gadi, na angekuwa ameonewa.

Kitu kingine ambacho video za huko nje hazitakuambia ni mambo ya chuo chenyewe. Wetu wanaenda atachimenti. Unaweza kupanga timu nzima juu ya pointi gadi mmoja, ifike mwezi wa tano unaambiwa yuko Mombasa wiki kumi na mbili, barua imetoka. Ilinipata, nikakaa na vijana tisa na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvusha mpira kwa presha. Siku hizi siku ya kwanza ya mazoezi, kabla hata ya kupiga shuti, kila mtu anaandika kwa daftari langu yuko mwaka wa ngapi, atachimenti yake ni lini na mitihani ni lini. Halafu kwa kila mazoezi dakika kumi za mwisho gadi mkuu anakaa benchi na timu inacheza bila yeye, mpira unavushwa na wawili wakipasiana, na mrefu anakuja mpaka mstari wa katikati kupokea. Mwaka jana aliyekaa benchi hizo dakika kumi alikuwa ananiuliza mbona namtoa kila siku. Mwezi wa sita alinipigia akiwa Mombasa, akauliza timu iko aje, nikamwambia wanavusha.